Kilatini si cha Mapadre Peke Yao

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kusema neno ambalo litawachekesha wengine na kuwaudhi wengine. Neno lenyewe ni hili: vijana wetu wa kando ya Ziwa, waume kwa wake, na waombe nafasi za kusoma Kilatini na Kiyunani katika vyuo vikuu vya ulimwengu, hata wafikie shahada ya pili iitwayo uzamili, tena waombe zile nafasi ambazo mwanafunzi halipi karo bali hulipiwa. Na sisi tubakio nyumbani tuache kuwafungia njia.

Twajua yasemwayo. Yasemwa kwenye mialo wakati wa kuanika dagaa, yasemwa nje ya kanisa watu wakingojana kwenda nyumbani, yasemwa hata katika vyumba vya walimu, mahali ambapo yalipasa yasisemwe kabisa. Kwanza husemwa ya kuwa lugha hizo zimekufa, na mtu hali chakula kwa maiti. Pili, ya kuwa ni elimu ya Wazungu, nasi tumekwisha kujitawala tangu 1961. Tatu, na hili ndilo lililoota mizizi kuliko yote, ya kuwa Kilatini ni cha mapadre: asiyetaka upadre anakitakia nini?

Tuanze na habari ya chakula, maana mwenye njaa hasikii hoja. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe amalize kidato cha sita ana haki ya kuuliza elimu hiyo italeta nini nyumbani. Hatumdharau. Lakini aelewe kwanza nafasi tuzisemazo ni za namna gani. Katika vyuo kadhaa vya serikali huko Marekani, kama vile Kansas na Arizona, mwanafunzi wa shahada ya pili katika elimu ya Wayunani na Warumi aweza kusamehewa karo na kupewa posho, naye kwa upande wake huwafundisha Kilatini cha mwanzo wanafunzi wachanga wa chuo kile, au humsaidia profesa kusahihisha kazi zao. Hiyo si sadaka. Ni kazi yenye ujira wake. Masomo huchukua miaka 2 kwa kawaida. Serikali ya Uingereza nayo, tangu 1983, ina msaada uitwao Chevening, ulipao karo na nauli na matumizi kwa mwaka 1 wa uzamili. Msaada huo haumlazimishi mtu asome uhandisi au uchumi. Wataka tu awe amefanya kazi saa 2,800, yaani kadiri ya miaka 2, na akimaliza arudi kwao akae miaka 2. Uko tena msaada wa Jumuiya ya Madola, ulioamuliwa 1959, lakini huo huuliza sana habari ya maendeleo ya nchi, na mwombaji wa lugha za kale itampasa kueleza maana yake kwa bidii kuliko mwombaji wa uganga.

Nafasi ni chache na waombao ni wengi, hilo hatulifichi. Wala hatufichi ya kuwa aendaye Marekani kwa posho ya chuo mara nyingi hujilipia nauli na gharama za ruhusa ya kuingia nchini, na hizo si haba. Ng'ombe mmoja huenda akatoka. Lakini zizi litabaki. Nasi tumewaona wazazi waliomaliza zizi zima kwa ajili ya vyeti vya biashara na kompyuta, na wenye vyeti hivyo leo wanatembea toka Nyegezi hata Igoma, bahasha mkononi, wakiuliza kazi. Hoja ya njaa ni hoja ya kweli, ila haina haki ya kulishitaki somo moja na kuyaachilia mengine.

Na akirudi, atafanya nini? Hatutamdanganya mtu kwa kumwahidi kiti cha enzi. Atafundisha; atafanya kazi katika makumbusho na nyumba za nyaraka; ataingia katika kutafsiri Maandiko; atashika chaki katika chuo kikuu. Mshahara wake utakuwa mshahara wa mwalimu, nasi twaujua ulivyo. Mtu atakaye magari, na aende kwenye viwanda vya sangara.

Sasa tuje kwa hao wasemao ni elimu ya Wazungu. Hawa ndio watuchoshao zaidi, kwa sababu husema kwa sauti kubwa na hawajafungua kitabu.

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika Thagaste, mji mdogo ulioko katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patrisi, hakuwa tajiri. Kijana alipotimiza miaka 16 ilimbidi aache masomo akae nyumbani mwaka mzima bila kazi, maana baba alikuwa bado anatafuta fedha za kumpeleka Karthago. Katika mwaka ule wa kukaa bure, kama alivyoandika mwenyewe katika Maungamo yake, ndipo alipokwenda usiku pamoja na wenzake kuiba matunda ya mti wa jirani. Ni kijiji gani kwetu kisicho na kijana kama huyo, mwenye akili nyingi, ambaye karo imemkwamisha, naye anajifunza ubaya barazani? Aliyemnyanyua ni tajiri wa mji ule ule, jina lake Romanianus, aliyemsaidia kwa mali yake asome. Naye alisoma nini? Kilatini, na ufasaha wa kunena na kuandika Kilatini. Kiyunani alikuwa amefundishwa tangu utotoni, akakichukia. Wanafunzi wetu wachukiao hesabu watampenda kwa hilo.

Basi huyu ni Mwafrika aliyesomeshwa elimu hii kwa fedha ya mfadhili, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na siku alipofariki, mwaka 430, Waingereza walikuwa hawana kitabu hata kimoja katika lugha yao. Leo chuo kikuu cha Malimbe, hapa hapa Mwanza, kinaitwa kwa jina lake tangu 1998. Kila mwaka vijana wetu huvaa majoho chini ya jina la Augustino. Ni wangapi waliosoma hata ukurasa mmoja wa Augustino katika maneno aliyoyaandika kwa mkono wake?

Tena hakuwa peke yake. Ezana, mfalme wa Aksum katika karne ya 4, aliandikisha habari za vita vyake juu ya mawe kwa lugha ya Kige'ez na kwa Kiyunani, na hakuna aliyemtawala akamlazimisha. Na yule Mkushi wa Matendo ya Mitume, sura ya 8, mtunza hazina wa malkia wake, alikuwa akisoma Isaya ndani ya gari lake Filipo alipomfikia. Na maneno ya nabii yaliyoandikwa katika sura ile yafuata tafsiri ya kale ya Kiyunani. Watu huhubiri juu ya ubatizo wake, nao wafanya vema. Hatujasikia bado mahubiri juu ya kusoma kwake.

Lakini twende karibu zaidi, wasije wakasema ya kuwa Algeria na Aksum ni mbali. Twende Ukerewe, safari ya meli ya saa chache toka Mwanza. Huko alizaliwa 1896 Aniceti Kitereza, wa ukoo wa watemi. Alisoma Kagunguli, kisha akapelekwa katika seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa Ziwa, akakaa huko miaka kama 10, akajifunza Kilatini na elimu nyingine za seminari. Hakuwa padre. Alirudi kisiwani kwake, akaoa, akafanya kazi ya ukatekista. Kwa fikira za watu wetu, hasara tupu: miaka 10 ya Kilatini, na upadre haukupatikana! Naam, mtu huyu wa hasara ndiye aliyeketi akaandika kwa Kikerewe habari ya Myombekere na Bugonoka, kitabu kikubwa ajabu, ambamo imehifadhiwa namna ya kuposa, kulima, kuvua, kutibu na kuzika ya Wakerewe wa zamani. Alikimaliza 1945. Hakupatikana mpiga chapa wa Kikerewe. Mzee hakukata tamaa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata.

Twawauliza wale wenye sauti kubwa: Kilatini kilimtoa Kitereza kwao, au kilimrudisha? Mtu aliyezoea kuichambua lugha moja, neno kwa neno, mwisho kwa mwisho, hawezi tena kuidharau lugha ya mama yake, kwa sababu amekwisha kuona ya kuwa nayo ina mifupa na viungo. Wadharauo Kisukuma na Kikerewe si wale waliosoma Kilatini. Ni wale waliosoma Kiingereza kidogo.

Sasa, kuna nini katika vitabu hivyo vya kale ambacho mtu wa Ziwa aweza kukitaka? Kiko kingi, nacho ni chetu.

Kipo kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa kwa Kiyunani yapata katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri. Ndani yake imo habari ya pwani yetu, iitwayo humo Azania, na ya mji wa biashara uitwao Rhapta, ambao jina lake latokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Zilitoka huko pembe za ndovu na magamba ya kasa. Imo na habari ya kisiwa, jina lake Menouthias, ambako watu walivua kwa mitumbwi ya gogo moja na kwa mitego iliyosukwa kama vikapu, wakiitega penye mikondo ya maji. Mvuvi wa Kayenze angesomewa sura ile, angeitambua migono ya babu yake. Rhapta ilikuwa wapi? Mabishano hayajaisha. Profesa Felix Chami wa Dar es Salaam alichimba Rufiji, na mwaka 1999 alitangaza kuonekana kwa shanga za zama za Warumi huko. Ardhi, basi, imepata msomaji wa kwetu. Maandishi je?

Na Ziwa lenyewe! Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilitazama hapa Mwanza, akasema hapa ndipo Nile itokapo, akalipa jina la malkia wake, kana kwamba wazee waliokuwa wakilivua na kuliita Nyanza walikuwa wakilingoja jina. Lakini neno la Nile kutoka katika maziwa ya kusini lilikuwa limekwisha kuandikwa yapata mwaka 150 na Ptolemy wa Aleksandria. Yeye alilipokea kwa habari ya baharia mmoja, Diogenes, ambaye akirudi toka India alisukumwa na upepo kwa siku 25 akiifuata pwani yetu kuelekea Rhapta. Wengine hulicheka neno hilo: mtu wa jahazi aliyajuaje maziwa ya bara? Wengine hushuku ya kuwa wanakili wa baadaye waliongeza maneno yao. Hata Herodotus, miaka 600 kabla ya hapo, alipoambiwa na karani mmoja wa Misri habari ya chimbuko la Nile, aliona ya kuwa karani anamfanyia mzaha. Haya yote ni mabishano juu ya maji tunywayo na kuogea sisi, na wabishanao karibu wote ni watu wa mbali. Sisi twaketi ukingoni mwa Ziwa, twangoja tuambiwe.

Hata kwa vitabu tunavyovipenda ni hivyo hivyo. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alitafsiri mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, ukatoka 1963, akautengeneza tena ukatoka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Kazi njema, nasi twaifundisha kwa furaha. Lakini Shakespeare habari ile aliichota kwa Plutarch, Myunani. Wala hakuichota katika Kiyunani, bali katika Kiingereza cha Thomas North cha 1579. Naye North aliichota katika Kifaransa cha Jacques Amyot cha 1559. Hesabu basi: toka Plutarch hata Butiama maji yale yalimiminwa katika mitungi minne. Hatusemi hayo kumpunguzia Mwalimu. Mtu mwenye nchi nzima mabegani alifanya zaidi ya iliyompasa. Twauliza tu, ni nani kati ya wajukuu zake atakayekwenda kisimani na mtungi wake mwenyewe.

Wala tusisahau Agano Jipya, ambalo liliandikwa Kiyunani. Tunapobishana katika jumuiya zetu juu ya maana ya neno moja la Mtume Paulo, mabishano hukatwa namna gani? Hutokea mmoja mwenye kitabu cha Kiingereza, akasema, Mzungu fulani ameeleza hivi; na wote hunyamaza. Pilato aliyaandika maneno juu ya msalaba kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani. Sisi tumekuwa wapita njia wasioweza kusoma hata moja kati ya hizo tatu.

Sasa lile neno la tatu, la mapadre. Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo hasa, na twaomba tusikilizwe kwa saburi.

Hatuzilaumu seminari. Bila seminari asingekuwapo Kitereza, wala Laurean Rugambwa, aliyezaliwa 1912 huko Kagera, akapitia Rubya na Katigondo, akasoma Rumi, na 1960 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza wa siku hizi kufanywa kardinali. Kilatini kilikuwa mkate wao wa kila siku. Lakini Kanisa lilipoanza kusali kwa lugha za watu baada ya Mtaguso uliofunguliwa 1962, jambo ambalo sisi twalishukuru, wengi walidhani ya kuwa Kilatini kimekwisha kazi, na vitabu vyake vikaachiwa mchwa. Tumeona kwa macho yetu sokoni karanga zikifungwa katika kurasa za sarufi ya Kilatini. Mwanamke muuzaji hana kosa. Aliyemuuzia kwa kilo anajijua. Na kile kidogo kilichosalia kimebaki ndani ya ua wa seminari, kwa wavulana tu.

Tazameni sasa tokeo lake. Vyuo vile vitoavyo posho havimpokei mtu mikono mitupu. Mara nyingi vyataka mwombaji awe amekwisha kusoma moja ya lugha hizi miaka 3 hivi, na ya pili miaka 2. Kwa waliochelewa upo, katika vyuo kadhaa, mwaka mmoja wa matayarisho. Lakini mwaka huo kwa kawaida mtu hujilipia mwenyewe, na karo yake yatisha. Mmeona hila ya ngazi hii? Vipago vya juu ni vya bure, kipago cha chini ni cha fedha. Mtoto wa tajiri wa Boston hununua kipago cha kwanza, halafu hupanda vilivyosalia bila malipo. Mtoto wa Sengerema husimama chini akitazama. Ni kweli ziko shahada nyingine za uzamili, hasa Uingereza, ambazo husomwa kwa tafsiri na humruhusu mwanafunzi kuanza lugha huko huko. Na asiye na njia nyingine aziombe. Lakini mlango mpana ni wa mwenye lugha.

Twamjua kijana wa upande huo wa Sengerema. Alikaa seminarini miaka 4, akajifunza Kilatini vizuri, akaona hakuitwa kuwa padre, akatoka kwa amani, akasomea ualimu. Jioni alijifundisha herufi za Kiyunani kwa simu yake, maana chuo cha Tufts huko Marekani kimeweka katika intaneti maktaba iitwayo Perseus, yenye maandishi mengi ya Wayunani na Warumi pamoja na kamusi zake, na mtu husoma bila kulipa senti. Huyo akaomba. Dada yake, wa tumbo moja, alimpita kwa alama katika kila somo walilosoma pamoja. Yeye hakuweza kuomba. Si kwamba alikataliwa; hakuwa na cha kuandika katika fomu mahali palipoulizwa, umesoma Kilatini miaka mingapi. Msichana huyu hakushindwa na Marekani. Alishindwa hapa kwetu, penye ua ambao hakuna aliyewahi kumwambia sababu yake.

Na kipago kile cha kwanza, ambacho Marekani ni dola maelfu, hapa Mwanza gharama yake ni nini? Ni saa 2 za Jumamosi. Wapo mapadre wazee ambao Kilatini hakijawatoka. Wapo walimu wa seminari walio kazini. Wapo waliotoka seminarini bila kupewa daraja, wanaofundisha historia na Kiswahili katika shule zetu za sekondari, na wanaona haya kusema walikotoka. Twawaomba wakubwa wa Kanisa, kwa heshima yote, wafungue mlango siku ile moja ya juma, msichana wa sekondari aketi kwenye dawati na daftari lake kama ndugu yake. Hatuombi jengo, wala hatuombi fedha.

Yapo na makosa yetu katika kuomba kwenyewe, nayo hayatoki Ulaya wala Marekani. Chuo humtaka mwombaji aandike barua ya kueleza nia yake. Tumeonyeshwa barua nyingi za vijana wetu, na karibu zote zaanza hivi: mimi ni yatima, nimetoka katika familia maskini ya wavuvi, nawaomba kwa machozi mnihurumie. Enyi vijana, profesa hasomi barua ile ili alie. Ataka kujua umesoma nini, umepata swali gani ndani ya ulichokisoma, na kwa nini swali hilo walitaka kulifuata kwenye chuo chake na si kingine. Aliyeandika ya kuwa ameona mitego ya samaki katika Periplus na migono ya Ziwa, naye ataka kujua neno la Kiyunani litumikalo hapo lina maana gani hasa, huyo amekwisha kusema zaidi ya yatima kumi. Umaskini wako uutaje mahali paulizwapo habari za fedha, kwa mfano kuomba usamehewe ada ya maombi, jambo ambalo vyuo vingine hulikubali. Kwingineko nyamaza juu yake. Chuo hutaka tena mfano wa maandishi yako, insha ndefu kidogo yenye hoja. Nayo haiandikwi katika juma la mwisho.

Halafu barua za ushuhuda, ambazo huwa 3. Hapa twasema na walimu wenzetu. Ombi la kijana wetu wa Sengerema lilianguka kwa sababu barua mbili zilifika na ya tatu haikufika. Mkubwa mmoja, ambaye hatumtaji wala hatutaji mahali pake, alikumbushwa mara nne. Mara ya kwanza alikuwa mkutanoni. Mara ya pili alitaka aandikiwe barua ile na kijana mwenyewe, yeye atie sahihi tu. Mara ya tatu akauliza, Kilatini cha nini? Mara ya nne tarehe ilikuwa imepita. Kijana akapoteza mwaka mzima, na mkubwa hakupoteza hata usingizi. Na wale waandikao, wengi huandika ya kuwa mwombaji ni mtiifu, ana adabu, huja kanisani. Sifa njema kwa mtu aombaye kazi ya kulinda ghala. Chuo chauliza: je, aweza kusoma ukurasa mgumu peke yake? Alipokosea tafsiri, alirudi akaitengeneza? Mwalimu asiyeweza kujibu hayo aseme wazi mapema, kijana atafute mwingine.

Kijana yule anaomba tena mwaka huu. Vyuo vingi vya Marekani hufunga mlango wa maombi kati ya Desemba na Februari, na Chevening hufunga mapema kuliko hivyo. Basi mwenye kuombwa ushuhuda na aandike sasa, kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka kumjalia meza. Dada yake naye amepata sarufi ya Kilatini isiyo na jalada. Yamtaka mtu wa kumsomesha siku za Jumamosi, upande wa Sengerema au ng'ambo hii ya Mwanza, kwa kuwa kivuko si tatizo kwake. Aliye tayari atuandikie kwa anwani ya gazeti hili.